Tiketi ya dola 200: Galápagos, kikundi cha watu 16, na kazi ya mwenyeji



Hapa Katanga kuko neno lenye linazunguka sana katika mikutano siku hizi: maisha kisha migodi. Siku shaba na kobalti vitakwisha, au bei itaanguka kabisa, tutaishi na nini? Wakubwa wanajibu haraka: kilimo na utalii. Kilimo tukiache kwa leo. Juu ya utalii, sisi watu wa sendika tulijiuliza swali letu la kila siku, swali la watu wa mushahara. Mahali kwenye utalii umefanikiwa kweli, nani anafanya kazi? Nani anakamata falanga? Nani anabaki na vumbi?

Tulichagua kuangalia mahali penye sifa kupita karibu pote: visiwa vya Galápagos, katika bahari ya Pasifiki, karibu kilometa 1,000 toka pwani ya Ekuador, Amerika ya Kusini. Ni mbali, kweli, lakini tuko na sababu. Ekuador ni nchi ya petroli na migodi, nchi yenye madeni, na tangu mwaka 2000 inatumia dola ya Marekani kama falanga yake, sawa vile sisi Kolwezi na Lubumbashi tunahesabu nyumba, moto na minerval kwa dola. Tena, ukijumlisha nchi kavu yote ya visiwa vile, unapata karibu kilometa mraba 7,900, karibu sawa na parke yetu ya Virunga. Virunga iliundwa mwaka 1925, Galápagos ilifanywa parke mwaka 1959. UNESCO iliandika Galápagos katika urithi wa dunia mwaka 1978, na Virunga mwaka 1979. Hawa ni kama watoto wa tumbo moja. Ila mmoja anapokea wageni zaidi ya 250,000 kwa mwaka, na mwingine tunasikia jina lake kwenye redio siku walinzi wake wanazikwa.

Sasa tuangalie kwanza namna safari yenyewe inafanyika, juu siri iko mule.

Mtalii anatoka Quito ao Guayaquil kwa ndege. Kabla ya kupanda, mizigo yake inapekuliwa: matunda yenye mbegu, udongo kwenye viatu, mimea, vyote vinazuiliwa. Analipa karatasi ya dola 20 ya kuhesabu wenye kuingia na wenye kutoka. Akifika kisiwani, analipa tiketi ya parke. Kisha anatiwa katika kikundi. Kikundi hakipite watu 16, na kila kikundi kiko na gide wake, mwenye kadi ya parke. Mahali pengi pa parke, bila gide hautii muguu. Uwe tajiri, uwe profesa wa nyama za pori, uwe rafiki ya waziri, utangoja gide.

Kikundi kinatembea katika njia iliyowekwa alama. Kutoka nje ya njia ni marufuku. Kukaribia nyama chini ya metre mbili ni marufuku, hata kama nyama wenyewe hawaogopi mutu: simba wa bahari wanalala kwenye viti vya bandari kama walevi wa Jumapili, na mijusi mikubwa nyeusi, yenye kuogelea na kula majani ya baharini, inaota jua katikati ya njia. Kuko ndege wenye miguu ya buluu. Kuko penguini, ndege wa nchi za baridi, wenye kuishi kule kwenye mstari wa Ikweta. Kuko mnandi mwenye mabawa mafupi asiyejua tena kuruka. Na kuko kobe wenye kupita kilo 200, wenye kuishi zaidi ya miaka mia moja. Wa mwisho wa kabila moja, wa kisiwa cha Pinta, waliyemwita George Mpweke, alikufa tarehe 24 Juni 2012, na gazeti za dunia nzima zilimuandika. Mchimbaji akifunikwa na udongo huku kwetu, gazeti za dunia haziandike jina lake. Tuendelee.

Safari moja inayopendwa sana ni ya kupanda volkano ya Sierra Negra, katika kisiwa cha Isabela. Asubuhi gari inapandisha kikundi toka kijiji cha Puerto Villamil mpaka kwenye majani mabichi ya juu. Toka pale ni kwa miguu. Wanatembea kwenye ukingo wa shimo la volkano lenye upana wa karibu kilometa 10, kisha wanashuka kwenye mawe meusi na mekundu ya Volcán Chico. Kwenda na kurudi ni karibu kilometa 16. Mgonjwa wa magoti anajuta. Volkano hii si ya zamani kama kaburi: ililipuka mwaka 2005, ikalipuka tena 2018. Njo maana gide pale si mapambo. Anajua wapi udongo uko moto, anajua saa ya kurudisha watu, anabeba redio.

Sasa muhesabu pamoja na sisi, kama delege anayehesabu timu za usiku. Wageni 250,000 kwa mwaka. Kila mmoja anashinda siku kadhaa. Kila watu 16, gide mmoja. Meli ya watalii hairuhusiwi kubeba wageni zaidi ya 100, na hairudi mahali pale pale kabla ya siku 14. Hii yote ilitungwa juu ya kulinda nyama na mimea. Lakini matokeo yake kwa kazi ni makubwa sana: sheria inakatalia kampuni kuwa na meli moja kubwa ya watu 3,000 na gide mmoja mwenye kusema katika mikro. Kama unataka wageni wengi, unaombwa kuwa na meli nyingi ndogo, wapishi wengi, waendeshaji wengi wa mitumbwi ya mpira, magide wengi. Kanuni ya nyama imekuwa kanuni ya kazi.

Huku kwetu ni kinyume. Katika mgodi, kila mwaka mashini inakuwa kubwa zaidi na timu inakuwa ndogo zaidi. Lori moja la tani mia linafanya kazi ya watu wangapi wa zamani? Na wenye kuendesha lori ile, wengi hawaandikwi na kampuni ya mgodi yenyewe, wanaletwa na kampuni ya kati, kontra ya miezi michache, leo uko, kesho hauko. Hatusemi turudi kwenye mpiko na kitunga. Tunasema tu kwamba mahali pengine serkali ilitia namba katika sheria, watu 16, na namba ile ikazaa mishahara.

Jambo la pili ni kwamba kazi ile ya gide ni ya wenyeji kwanza. Mwaka 1998 Ekuador ilitunga sheria ya pekee ya Galápagos. Inasema nani ni mkaaji wa kudumu, nani ni mkaaji wa muda, nani ni mgeni. Mkaaji wa kudumu anatangulia kwa kazi. Mwenye kampuni akitaka kuleta mutu toka bara, anapaswa kuonyesha kwamba hakupata wa visiwani kwa kazi ile, na mutu yule anapewa ruhusa ya muda tu. Tena sheria ile ilipanga namna ya kugawa falanga za tiketi. Kwa kila dola 100, 40 zilikuwa za parke, 20 za manispaa za visiwani, 10 za baraza la jimbo, na zenye kubaki ziligawanywa kwa wengine, hata jeshi la majini lilipata 5.

Wasomaji wetu wanajua hesabu ya kwetu. Sheria ya migodi ya mwaka 2018 inagawa redevansi namna hii: 50 kwa mia kwa serkali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa manispaa ao sekta yenye kuwa na mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa karatasi, si mbaya hata kidogo. Ugomvi wetu uko kwa mambo mawili. La kwanza, mutu wa Fungurume ao wa Luilu hajui siku gani falanga ziliingia wala siku gani zilitoka. Tiketi ya Galápagos, hata mtoto wa shule anajua bei yake, anaona mzungu anailipa uwanja wa ndege, anaweza kuzidisha. Redevansi inahesabiwa juu ya tani na bei ya soko, katika ofisi, na watu wachache. La pili, redevansi inagawa falanga, haigawi kazi. Kuko sheria ya mwaka 2017 juu ya kampuni za kati, inadai ziwe na mtaji mkubwa wa Wakongomani. Vizuri. Lakini Mukongomani mwenye kampuni na Mukongomani mwenye kofia ya chuma hawako upande mmoja wa meza siku ya kujadili mushahara.

Musifikiri kule ni mbinguni. Uchunguzi mmoja uliotolewa mwaka 2007 ulikadiria kwamba utalii wa Galápagos ulizaa karibu dola milioni 418 kwa mwaka, na ndani ya hizo karibu milioni 63 tu ndizo ziliingia katika uchumi wa visiwa. Zingine zilibaki kwa wenye ndege, wenye meli, wauzaji wa safari wa Quito, wa Amerika na wa Ulaya. Unasikia harufu ya nyumbani? Sisi tunatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na bado kuko vitongoji Kolwezi vyenye wamama wanashinda na bido kwenye foleni ya maji. Puerto Ayora, mji mkubwa kupita yote kule, maji ya robine iko na chumvi, hainywewi. Watu wananunua maji ya kunywa. Karibu chakula chote kinaletwa na meli ao ndege, kwa bei ya juu. Toka wakati ule mambo yalibadilika kidogo, siku hizi wageni wengi wanalala katika hoteli ndogo za mjini kuliko katika meli, na familia nyingi zilijenga vyumba vya kupangisha. Ile ndiyo njia yenye ilirudisha falanga visiwani.

Njo maana mabadiliko ya tarehe 1 Agosti 2024 ni ya kufwatilia. Siku ile tiketi ya mgeni ilitoka dola 100 ikafika 200. Kwa nchi jirani za Amerika ya Kusini ilitoka 50 ikafika 100. Kwa raia wa Ekuador ilitoka 6 ikafika 30. Toka 1998 bei haikuguswa, hivi kupandisha haikushangaza mutu. Huku kwetu Afrika tumeona kubwa zaidi: Rwanda ilipandisha ruhusa ya kutembelea ngagi mpaka dola 1,500 mwaka 2017, wakati Virunga ilikuwa ikiomba 400.

Lakini tazama vizuri nani anaumizwa na dola 100 za kuongeza. Mtalii wa meli ya starehe, mwenye kulipa dola elfu nyingi kwa wiki moja, hasikii kitu. Mwenye kusikia ni kijana wa mufuko mgongoni, mwenye kulala kwa mama fulani Puerto Villamil, mwenye kula kwenye kibanda, mwenye kulipa gide mmoja pamoja na wengine kumi kwa kupanda Sierra Negra. Yule njo mwenye kubadili mawazo na kwenda pengine. Na Mu-Ekuador wa kawaida, mwalimu wa bara mwenye kutaka kuonyesha watoto visiwa vya nchi yake, tiketi yake ilizidishwa mara tano. Kwa hiyo bei moja ya juu inaweza kujaza sanduku la parke na wakati ule ule kutoa falanga katika mufuko wa mama wa kibanda na kuzipeleka kwa mwenye meli. Katika sendika tunajua ujanja wa hesabu namna hii: jumla inapanda, na wa chini anashuka.

Kuko pia habari ya deni. Mwezi wa Mei 2023, Ekuador ilinunua upya madeni yake ya karibu dola bilioni 1.6, yenye bei yake ilikuwa imeanguka sokoni, kwa mkopo mupya wa dola milioni 656. Kwa nafuu ile, iliahidi kutoa karibu dola milioni 18 kwa mwaka, karibu miaka 20, kwa kulinda bahari ya Galápagos. Wenye benki walipiga makofi, wakasema ni mapatano makubwa kupita yote ya namna ile. Katika visiwa na bara, kuko watu walilalamika kwamba hawakuulizwa vya kutosha, na kwamba kikao chenye kuamua matumizi kiko mbali na wavuvi. Sisi hatukatai mpango wenyewe. Kupunguza deni ni vizuri. Lakini mara nyingi, falanga za kulinda mazingira zinakuja na meza ambayo mfanyakazi hana kiti.

Na mwezi wa Julai 2025 serkali ya Quito ilitangaza kupunguza wizara zake na kufukuza watumishi 5,000. Wizara ya mazingira, yenye parke ya Galápagos iko chini yake, ilitiwa ndani ya wizara ya nishati na migodi. Watu wa migodi sisi, tulicheka kwanza, kisha tukaacha kucheka. Tunaijua wizara ya migodi ni nini. Kazi yake ni kuhesabu tani. Siku tani na kobe watakuwa kwenye meza moja, mutu mwenye akili anajua nani atasimama.

Wafanyakazi wa parke ile waliwahi kuonyesha namna ya kujitetea. Mwezi wa Septemba 2004, baada ya wakurugenzi kubadilishwa mara nyingi kwa sababu za siasa, serkali ilileta mwingine tena, mwenye walinzi walimuona kuwa amesogea upande wa wenye uvuvi mkubwa. Walinzi waligoma zaidi ya wiki mbili. Walifunga njia. Kulikuwa fujo na wavuvi, watu walijeruhiwa. Mwishowe serkali ilimuondoa mkurugenzi. Mgomo ule haukuomba nyongeza ya mushahara. Uliomba mkubwa mwenye kujua kazi. Huku kwetu wengi wanafikiri mgomo ni wa bonasi ya Desemba tu.

Tusisahau wavuvi pia, juu wao ni wafanyakazi kama sisi. Katika miaka ya 1990 Waasia walikuwa wakinunua kwa bei kali jongoo wa bahari, kile kiumbe laini chenye kukaa chini ya maji. Watu walitoka bara kwa wingi kuja kuvua, sawa vile vijana wanakimbia kwenye karière mpya siku wanasikia kobalti imeonekana. Serkali ilifunga uvuvi. Mwaka 1995 wavuvi walizingira ofisi ya parke na kituo cha wachunguzi, wakatisha kuua kobe. Ilikuwa vibaya. Lakini mutu mwenye njaa anakamata kitu chenye mkubwa anapenda. Wachimbaji wetu wa mkono, siku wanafukuzwa katika karière bila kupewa pengine, nao wanafunga njia ya malori. Hawachukii lori. Wanajua tu ni kitu gani kitafanya simu ya gavana ilie.

Sasa tufike kwenye jambo lenye lilituchukua saa nyingi katika mazungumzo yetu, na lenye halikuishia kwa mapatano.

Kadi ya mkaaji. Wamoja wetu walisema: tunataka sawa vile Galápagos, mwenyeji kwanza, iandikwe, iwe na kadi. Wengine, na kati yao wenye wazazi walitoka Kasai, walinyamaza kwanza. Kisha mmoja aliuliza: mwenyeji ni nani? Hakuna mutu alijibu haraka. Mwaka 1992 na 1993, hapa Katanga, neno lile lilifukuza watu kwa maelfu. Wafanyakazi waliozaliwa Likasi na Kolwezi, wenye kupiga kazi miaka 20 katika shimo moja na sisi, walilala kwenye gare na watoto, wakingoja treni ya kwenda kwenye nchi wasiyoijua. Wengi walifia njiani. Wakubwa wetu wa sendika wa wakati ule, wengi walinyamaza.

Galápagos nayo iko na gare yake. Mwaka 2007 serkali ilitangaza visiwa viko katika hatari, na UNESCO ikaviandika katika orodha ya urithi wenye kuhatarishwa mpaka 2010. Watu waliohesabiwa kuwa wamezidi walirudishwa bara. Si wageni wa nchi ingine. Ni raia wa Ekuador, wenye kuondolewa kisiwani mwa nchi yao kwa kukosa kadi. Wengi wa wenye kujenga hoteli za kule ni watu wa milimani, Wasalasaka na wengine, na mutu mwenye kukosa kadi hawezi kushitaki bosi: bosi akikataa kumulipa, akienda kulalamika, ni yeye atapandishwa ndege. Kadi yenye kulinda mfanyakazi mmoja inamfunga mwingine mdomo. Hii tuliiona wazi, na hatuwezi kuificha kwa sababu tu mfano wa Galápagos unatufurahisha.

Kwa hiyo wengi wetu tulisimama hapa: kazi ya mahali iwe ya mutu mwenye kuishi mahali, bila kuuliza kabila ya baba yake wala kijiji cha babu yake. Miaka mitano ya kukaa, karatasi ya mtaa, basi. Na mwenye kuwa bila karatasi, kontra yake ilindwe na mkaguzi wa kazi sawa na ya wengine, juu bila hivyo bosi atamupenda yeye kwanza. Wamoja wetu hawakukubali miaka mitano, wanasema ni michache. Mazungumzo yanaendelea.

Tuseme pia juu ya ugonjwa wa 2020. Mwaka 2019 Galápagos ilipokea karibu wageni 271,000. Mwaka 2020, juu ya Covid, walikuwa karibu 73,000 tu. Magide, wengi wao wanalipwa kwa safari pamoja na matabishi, walibaki bila kitu. Watu walirudi shambani na kwenye uvuvi. Mutu wa Katanga mwenye kukumbuka mwisho wa 2008, siku bei ya shaba ilianguka na kampuni zikafunga milango, haombi maelezo. Ao mwaka 2025, siku serkali ilisimamisha kobalti kutoka nchini toka Februari mpaka Oktoba. Wenye kusema utalii utatuokoa kwa bei za soko la dunia, waangalie namba hizi mbili tena. Utalii ni mgodi wenye bei yake pia inaanguka. Tofauti ni kwamba kobe akilindwa, mwaka kesho atakuwa pale, na shaba iliyotoka hairudi.

Na sisi? Visiwa tuko navyo. Tchegera, katika ziwa Kivu, ni mabaki ya volkano yenye umbo la mwezi mchanga, ndani ya parke ya Virunga, na kulikuwa kambi ya mahema ya watalii. Idjwi ni kubwa, imejaa watu na mashamba ya kahawa. Lakini toka Januari 2025 Goma iko mikononi mwa waasi, na kuzungumza na mutu wa Goma juu ya vikundi vya watalii leo ni kumutukana. Walinzi wa Virunga waliouawa wanapita 200. Tarehe 24 Aprili 2020 peke yake, karibu na Rumangabo, walikufa 12 kwa siku moja. Kabla mutu hajahesabu tiketi, ahesabu wajane, na aseme pension yao inalipwa na nani.

Huku kwetu kusini kuko Upemba, parke ya mwaka 1939, na Kundelungu ya mwaka 1970, yenye maporomoko ya Lofoi, maji yenye kushuka zaidi ya metre 300. Wenye kufika pale ni wachache, njia ni mbaya, na nyama waliwindwa sana. Ila neno la maisha kisha migodi likizidi kusemwa, siku moja mwenye falanga atakuja na karatasi ya kontra juu ya Lofoi, sawa vile walikuja na karatasi juu ya vilima vyetu. Wakati ule itakuwa kuchelewa. Kontra ya mgodi ikishatiwa saini, tumeona, hata kubadili koma moja inaomba miaka kumi na mawakili wa Paris.

Tunaomba wabunge wa jimbo waandike sasa, wakati hakuna mutu mwenye haraka: kikundi kisipite watu wangapi, gide awe na mtihani na kadi, mtihani ufanyike Mitwaba na Kasenga pia, si Lubumbashi tu, vijana wa vijiji vya kando ya parke watangulie, mlinzi aandikwe na bima, na bei ya tiketi pamoja na mgawo wake vibandikwe kwenye mlango wa parke, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Mwezi ujao delege wetu watapeleka karatasi hii kwenye baraza la jimbo. Mwenye kuwa na jambo la kuongeza, hasa watu wa Mitwaba, alilete kabla ya mwisho wa mwezi.